Pool: Fimbo ni Moja, Malezi Ndiyo Tofauti

Je, mpenzi msomaji, mwanao akikuambia kwamba jioni yote alikuwa akicheza pool, wewe hufikiria nini? Wazazi wengi wa mijini hufikiria mambo matatu kwa mpigo: pombe, kamari na uzembe. Hawamuulizi kama alishinda, wala hawamuulizi alijifunza nini. Lakini mtoto huyo huyo akisema ametoka kucheza kandanda, ataulizwa kama alifunga bao, na mamake atamwandalia chakula huku akitabasamu.

Ni kwa nini michezo miwili ipokewe kwa njia tofauti namna hiyo katika nyumba moja? Wapo watakaosema kwamba pool ni mchezo wa wahuni, basi. Jibu hilo ni jepesi mno. Huko Ufilipino, bingwa wa pool hushangiliwa kama sisi tunavyowashangilia wanariadha wetu wakirudi na medali. Nchini Ujerumani, mzazi anaweza kumwandikisha mwanawe katika klabu ya pool kama vile angemwandikisha katika klabu ya kuogelea. Marekani nako, walimu, madereva wa malori na makarani huunda timu na kucheza ligi kila wiki.

Mchezo ni huo huo, na fimbo na chaki ni zile zile. Kinachotofautiana ni malezi: meza imewekwa wapi, nani anaruhusiwa kuikaribia, na yule anayeonyesha kipawa ana ngazi gani ya kupanda. Ili tusizungumze hewani, hebu tuziangalie kaunti mbili jirani za kusini mwa Nyanza, Migori na Homa Bay, kisha tuzilinganishe na nchi nyingine.

KUTOKA RONGO HADI ZIWANI

Ukiifuata barabara kuu itokayo Kisii, ukapita Rongo, Awendo na mji wa Migori hadi Isebania kwenye mpaka wa Tanzania, ni vigumu kupita kituo cha biashara usione meza ya pool. Mara nyingi imo ndani ya baa. Mara nyingine iko chini ya kibanda cha mabati kilichopakana na kinyozi au duka la M-Pesa. Ukielekea ziwani mambo ni yale yale, iwe ni mjini Homa Bay, Mbita, Sindo, Karungu au Muhuru Bay.

Kwa msomaji asiyeujua mchezo wenyewe, meza hiyo hufunikwa kwa kitambaa na ina mashimo sita. Juu yake hupangwa mipira 15: saba ya mchezaji mmoja, saba ya mwenzake, na mmoja mweusi. Mpira mweupe ndio pekee unaogongwa kwa fimbo, nao ndio unaoisukuma mingine mashimoni. Ukimaliza saba zako, ndipo unaruhusiwa kuutia ule mweusi na kushinda. Ukiutia mapema, umeshindwa hapo hapo.

Mtazamaji hudhani ugumu uko katika kuutia mpira shimoni. Sivyo. Ugumu uko katika kujua mpira mweupe utasimama wapi baada ya hapo, ili pigo linalofuata liwe rahisi. Mchezaji hodari huwa anafikiria mapigo matatu au manne mbele. Wazee wa Kiluo wanaocheza ajua, yaani bao lao la kete, wanaijua vizuri hesabu ya aina hiyo. Kwa maneno mengine, akili ya mchezo huu haikuja Nyanza na meza; ilikuwako tangu zamani.

Meza nyingi huendeshwa kwa sarafu. Unatumbukiza shilingi zako, mipira inaporomoka, mnacheza. Anayeshinda hubaki mezani, na anayetaka kumpinga ndiye hulipia mchezo unaofuata. Mara nyingi mwenye meza si mwenye baa. Yeye huileta meza, mwenye baa hutoa nafasi, kisha wawili hao hugawana mapato.

Na wachezaji ni nani? Ni waendeshaji wa bodaboda wanaosubiri abiria, wafanyakazi wa mashamba ya miwa ya Awendo, wachimbaji dhahabu wa Macalder na Osiri kule Nyatike, wavuvi, na wanafunzi wa vyuo vilivyochipuka katika kaunti hizi mbili.

Mara kwa mara utamsikia kiongozi akifoka kwamba vijana hushinda mezani tangu asubuhi. Maneno kama hayo yamesikika pia Uganda na Tanzania, ambako viongozi wamewahi kuamuru mchezo huo usichezwe saa za kazi. Lakini ni vyema tuwe waangalifu. Wavuvi wa omena hufanya kazi usiku, wakiwasha taa majini ili kuwavuta samaki hao wadogo. Mbalamwezi inapong'aa, taa hazifui dafu, na wengi wao hupumzika siku kadhaa. Kijana unayemwona akiinamia meza saa nne asubuhi pale Mbita huenda ameshamaliza kazi yake wewe ukiwa umelala. Wazembe wapo, hatukatai, lakini saa ya ukutani pekee haitoshi kuwatambulisha.

KUFULI TATU

Ikiwa vijana wanacheza kiasi hicho, mbona hatuwaoni mabingwa wa dunia kutoka Migori au Homa Bay? Hapa ndipo tunapokutana na kufuli tatu zilizofungwa kwenye meza zetu.

Kufuli ya kwanza ni sarafu. Meza ya sarafu huumeza mpira unaoingia shimoni na kuufungia tumboni hadi mtu atumbukize pesa tena. Kwa hivyo huwezi kulirudia pigo moja mara 50, jambo ambalo ndilo msingi wa mazoezi katika mchezo huu. Hebu tupige hesabu ndogo. Ikiwa mchezo mmoja ni shilingi 20 na unachukua dakika 10, basi saa moja ni michezo sita, yaani shilingi 120. Atakayecheza saa mbili kwa siku, siku tano kwa wiki, atatumia shilingi 1,200 kwa wiki, au shilingi 4,800 kwa wiki nne. Na hata hapo, kwa kuwa mnapokezana, karibu nusu ya muda wake atakuwa amesimama akimwangalia mwenzake.

Isitoshe, kanuni ya mshindi kubaki mezani humkandamiza anayejifunza. Yeye hulipa, hupiga mara mbili tatu, hushindwa, huondoka. Yule hodari huendelea kucheza bila ya kutoa senti. Anayehitaji mazoezi zaidi ndiye anayeyapata kidogo na kwa bei ghali.

Kufuli ya pili ni mahali. Sheria ya Kudhibiti Vileo ya mwaka 2010 inakataza aliye chini ya miaka 18 kuingia katika baa. Sheria hiyo pia ilipanga kwamba baa za kawaida zifunguliwe saa kumi na moja jioni siku za kazi na saa nane mchana wikendi. Hakuna mzazi mwenye busara atakayelalamikia sheria hiyo. Lakini tazama matokeo yake: meza ikiwa ndani ya baa, kijana anayetii sheria huanza kuushika mchezo akiwa na miaka 18. Mwaka 2005, kijana wa Taiwan aitwaye Wu Jia-qing alitwaa ubingwa wa dunia wa mchezo wa mipira tisa akiwa na umri wa miaka 16! Yeye alikuwa ameshamaliza safari ambayo wetu haruhusiwi hata kuianza.

Kufuli hiyo hiyo huwafungia nje wasichana. Binti anayejiheshimu hataki kuonekana baani usiku, na mamake hatamruhusu. Kwa mkupuo mmoja tumeipoteza nusu ya vipawa vyetu. Wafilipino hawakuipoteza nusu hiyo. Mwanamke wao, Rubilen Amit, alikuwa bingwa wa dunia wa mchezo wa mipira kumi mwaka 2009 na tena mwaka 2013.

Kufuli ya tatu ni dau. Mahali pengi watu hawachezi bure. Huwekeana pesa, soda au chupa ya bia. Madhara ya nyumbani unayajua: karo inayeyuka, kodi ya nyumba inakawia, ugomvi unazuka. Lakini liko dhara jingine ambalo halisemwi sana. Dau huua ualimu. Nani atamfundisha mwenziwe siri ya kuuzungusha mpira mweupe ilhali kesho watawekeana pesa? Tena mchezaji wa dau huuficha uwezo wake, akakosea makusudi ili amnase mgeni. Mahali ambapo kila mtu anaficha anachokijua, elimu haiwezi kukua.

BATA ALIYELALA JUU YA MEZA

Sasa tuvuke bahari hadi Ufilipino. Wataalamu wengi wakitajiwa mchezaji bora kuliko wote katika historia ya pool, jina la Efren Reyes haliwezi kukosa. Jina lake la utani ni "Bata". Usicheke, msomaji! Kwa lugha yao neno hilo maana yake ni mtoto, wala si huyu bata wetu anayeogelea.

Reyes alizaliwa mwaka 1954 katika mkoa wa Pampanga. Akiwa na miaka mitano alipelekwa Manila kuishi na mjombake aliyekuwa na ukumbi wa pool. Alikuwa mfupi mno asiweze kuifikia meza, hivyo akawa anasimama juu ya makreti ya soda. Usiku, wateja walipoondoka, alilala juu ya meza zile zile. Mwaka 1985 alisafiri hadi Houston, Marekani, akacheza kwa jina la kupanga, Cesar Morales, kwa sababu wenyeji walikuwa wamekwisha kusikia habari za Efren Reyes. Akawashinda. Mwaka 1994 akawa mtu wa kwanza asiye Mmarekani kutwaa ubingwa wa wazi wa Marekani wa mipira tisa, na mwaka 1999 akatwaa ubingwa wa dunia katika mji wa Cardiff.

Tusidanganyane hapa. Reyes alikulia katika dau. Alicheza kwa pesa tangu akiwa mtoto, na vijana wengi waliokulia katika kumbi kama hizo hawakufika popote. Hatuwezi kumchukua mmoja aliyefaulu tukawasahau wote waliozama. Hata hivyo, yako mambo mawili aliyoyapata ambayo kijana wa Sindo hayapati.

La kwanza ni meza. Ilikuwa ukumbini mwa jamaa yake na hakuhitaji kuifungua kwa sarafu kila mara. La pili ni ngazi. Nchini mwake palikuwa na wafadhili wa kuwapeleka wachezaji nje, na mchezo wenyewe ukapata nafasi ya kitaifa. Michezo ya Kusini Mashariki mwa Asia hujumuisha pool na biliadi, na kati ya mwaka 1998 na 2010 ilikuwamo pia katika Michezo ya Asia. Mfilipino aliyetoka ukumbi wa mtaani aliweza kuvaa jezi ya taifa lake. Mama wa mtaani akiiona jezi ya taifa, hataki tena kuuita mchezo huo uhuni.

WAZUNGU WALIFANYAJE?

Wajerumani walichukua njia nyingine kabisa. Kwao mchezo wa pool una vilabu vilivyosajiliwa, kama vya soka au tenisi ya meza. Mwanachama hulipa ada, hupata meza, na klabu huwa na timu za watoto na za wakubwa. Juu ya vilabu hivyo kuna ligi ya taifa iitwayo Bundesliga, jina lile lile la ligi yao ya kandanda. Nje ya hapo kuna mashindano ya vijana ya Ulaya nzima. Mmoja wa waliotokea katika nchi hiyo ni Joshua Filler, aliyezaliwa mwaka 1997 na akawa bingwa wa dunia wa mipira tisa mwaka 2018, akiwa na miaka 21.

Marekani inatufaa zaidi kwa mfano, kwa kuwa hali yake inafanana na yetu. Kule nako zipo meza nyingi za sarafu ndani ya mabaa, na historia ya dau ni ndefu. Lakini mwanzoni mwa miaka ya 1980, wachezaji wawili wa kulipwa, Terry Bell na Larry Hubbart, walianzisha chama cha ligi kwa ajili ya wachezaji wa kawaida. Chama hicho, APA, kimekua hadi kikawa na wanachama wapatao robo milioni.

Siri yake ni hii. Kila mchezaji hupewa daraja kulingana na uwezo wake. Katika mchezo wa mipira minane, madaraja ni kuanzia 2 hadi 7. Aliye juu hutakiwa kushinda michezo mingi zaidi kuliko aliye chini ili apate ushindi, hivyo wawili hao hukutana bila ya mmoja kuonewa. Kisha ikawekwa kanuni kwamba wachezaji watano wanaoshuka uwanjani wasizidi jumla ya madaraja 23.

Hebu ifikirie kanuni hiyo kidogo. Timu haiwezi kuwapanga mabingwa watano, kwa sababu saba mara tano ni 35. Ikiwa na mabingwa wawili wa daraja la saba, hiyo tayari ni 14, na zimebaki tisa tu za kugawanywa kwa watatu, yaani daraja la tatu kila mmoja. Kwa hivyo kila timu inalazimika kumtafuta anayeanza, kumkaribisha na kumfundisha, kwa maana bila yeye haiwezi kucheza. Pale ambapo dau lilimfanya hodari aufiche ujuzi, ligi imemfanya augawe. Meza ni ile ile ya sarafu na baa ni ile ile, lakini kanuni imebadilika, na tabia ya watu nayo ikabadilika.

Tena huko huko Marekani yupo Shane Van Boening wa jimbo la South Dakota, aliyezaliwa mwaka 1983 akiwa na tatizo la kusikia. Jamaa zake walikuwa na ukumbi wa pool, naye akaanza akiwa mdogo. Mwaka 2022 akawa bingwa wa dunia wa mipira tisa. Hapo unaona tena jambo lile lile: mtoto, meza iliyo karibu, na mtu mzima anayemwangalia.

MAJIRANI WANATUSHINDA NINI?

Pengine utasema, hizo ni nchi za mbali zenye fedha. Basi tuwatazame majirani. Kutoka Isebania unavuka tu mpaka, uko Sirari. Nchini Tanzania, katika miaka ya 2010, bia ya Safari iliyadhamini mashindano ya pool ya taifa yaliyoanzia mikoani na kuishia katika fainali. Palikuwa pia na mashindano ya vyuo vya elimu ya juu, ambapo wanafunzi wa kike na wa kiume walishindana kwa niaba ya vyuo vyao. Mchezaji aliyeng'ara aliweza kuitwa katika timu ya taifa.

Uganda nayo ina chama cha pool na ligi ya taifa iliyodhaminiwa na bia ya Nile Special. Vilabu hukutana, wanawake wana mashindano yao, na wachezaji bora wameiwakilisha nchi katika mashindano ya Afrika. Kwa hivyo ngazi inaweza kujengwa hapa hapa kwetu, bila ya kusubiri utajiri wa Ulaya.

Hata hivyo tusiwaige majirani kwa macho yaliyofumbwa. Fedha za bia huja na bia. Kampuni inapobadilisha matangazo yake, mashindano huyumba. Na mtoto wa miaka 12 hawezi kulelewa chini ya bendera ya pombe. Wenzetu wamejenga ghorofa ya juu, ile ya ligi na timu ya taifa. Ghorofa ya chini, ya watoto na ualimu, haiwezi kujengwa kwa bia, iwe ni kwao au kwetu.

TUNAJUA TUNACHOPASWA KUFANYA

La ajabu ni kwamba Wakenya si wageni wa jambo hili. Wakalenjin walikuwa na miguu mepesi tangu zamani, lakini shule kama St Patrick's ya Iten ndizo zilizoigeuza miguu hiyo kuwa medali. Brother Colm O'Connell kutoka Ireland alifika huko mwaka 1976, akaanza kuwakusanya vijana na kuwafundisha kwa utaratibu. Miongoni mwa waliopita mikononi mwake ni David Rudisha, aliyevunja rekodi ya dunia ya mita 800 jijini London mwaka 2012. Hakuna aliyewaambia vijana wa Iten wasubiri hadi watimize miaka 18, kisha wakajifunzie kukimbia ndani ya baa!

Serikali za kaunti haziwezi kusema hazihusiki. Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, imezikabidhi kaunti kazi ya kutoa leseni za vileo na pia kazi ya michezo na viwanja vyake. Kazi hizo mbili zimeandikwa katika kifungu kimoja. Kaunti inayokusanya ada kwa baa yenye meza ya pool ndiyo hiyo hiyo inayopaswa kumpa kijana mahali pa kuchezea pasipo na pombe. Nayo Sheria ya Michezo ya mwaka 2013 iliweka ofisi ya Msajili wa Michezo na kuvitambua vilabu, vyama vya kaunti na vyama vya taifa. Mlango uko, kinachohitajika ni watu wa kuupitia.

Si lazima tuanze na makubwa. Ukumbi wa kijamii, chuo cha ufundi au jumba la kanisa mjini Migori au Homa Bay likiwekwa meza mbili zisizo za sarafu, zikikodishwa kwa saa, tayari kufuli mbili zimefunguliwa. Watoto wanaweza kuingia mchana wakati wa likizo, na siku moja kwa wiki ikatengewa wasichana. Wavuvi wanaopumzika wakati wa mbalamwezi, ambao wengine wao ni hodari kwelikweli, wanaweza kuwa walimu. Timu nne zikianza, moja Rongo, moja Migori, moja Mbita na moja Oyugis, zikatumia ile kanuni ya 23 na kuandika matokeo katika daftari, hiyo tayari ni ligi. Ikikomaa, Sirari na Tarime si mbali.

Kufuli ya tatu, yaani dau, ndiyo ngumu zaidi, kwa kuwa haifunguliwi na serikali. Hiyo huvunjwa na wachezaji wenyewe. Kila mmoja akitoa ada ndogo ya ligi, na fedha hizo zikanunua vitambaa vipya vya meza na zawadi ya mshindi wa msimu, ushindani utabaki bila ya mtu kurudi nyumbani mikono mitupu. Sheria zetu nazo zinakataza aliye chini ya miaka 18 kucheza kamari. Katika ukumbi wa watoto, kanuni hiyo isiwe na mjadala.

NENO KWA WANAFUNZI NA WAZAZI

Wewe mwanafunzi, ukiupenda mchezo huu, usikimbilie kwenye dau. Anza na mkono wako. Chukua chupa tupu ya soda, ilaze juu ya meza, kisha uipeleke ncha ya fimbo ndani ya mdomo wa chupa na kuirudisha, polepole, bila ya kugusa kioo. Ukiweza mara 20 mfululizo, mkono wako umeanza kunyooka. Zoezi hilo ni la bure na halihitaji baa. Kisha kumbuka hesabu za darasani: mpira uliopigwa bila ya kuzungushwa ukigonga ukingo wa meza, hurudi kwa pembe inayokaribiana na ile uliyoingia nayo. Mwalimu wako wa jiometri alikuwa akikufundisha pool bila ya kujua.

Tena uwe na daftari. Andika ulicheza na nani, ulishindwa kwa sababu gani, na pigo gani linakusumbua. Mchezaji asiyeandika hurudia kosa moja kwa miaka kumi na kuuita huo uzoefu. Na masomo usiyaache: mabingwa ni wachache kila mahali, hata Ufilipino.

Nawe mzazi, kumkataza pekee hakutamtoa kijana mezani. Kutamfundisha tu kwenda meza ya mbali zaidi, ambako hakuna anayemjua. Afadhali umuulize anacheza wapi, anacheza na nani, na kama kuna pesa mezani. Majibu ya maswali hayo matatu ndiyo yatakayokuonyesha kama mwanao yumo michezoni au yumo kamarini. Akikuambia kwamba hana mahali pengine pa kuchezea isipokuwa baani, basi swali hilo si lake tena. Ni letu sisi wakubwa, na ni la wale tuliowachagua.

Wahenga walisema, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Mchezo nao una malezi yake. Ukiuacha mikononi mwa walevi, utakua mlevi; ukiupa walimu, wanaume kwa wanawake, utawatoa wanafunzi.